Mikono Isiyo na Jina

Filamu ilipofika katikati, Bronka Maziarz alikuwa ameshaguna mara tisa, na mama aliyeketi safu ya mbele alikuwa ameshageuka mara tisa kumkata jicho.

"Dada, kama huipendi, mlango ule pale," mama yule alinong'ona, mkono wake ukiwa ndani ya mfuko wa bisi.

"Ningeshaondoka, mama. Bahati mbaya nalipwa kukaa."

Hakuwa akitania. Bronka alikuwa mhakiki wa filamu wa gazeti dogo la upande wa kaskazini wa Chicago, na kalamu yake ilijulikana kwa ukali kuliko pilipili ya kachumbari. Siku ya Alhamisi mhariri alikuwa amemwita mezani kwake. "*Meza ya Saba* imerudi kwenye sinema ya Krebs," alimwambia. "Imetimiza miaka ishirini, na kila mtu anasema ni johari. Nenda ukaangalie mwendo wake na uigizaji wake, uniandikie safu mbili. Na Bronka, safari hii usiue mtu."

Sasa alikuwa hapo, Jumamosi mchana, daftari juu ya goti, akiitazama johari yenyewe.

Mchezo wa kwanza wa puli, ule wa kugonga mipira mezani kwa fimbo, ulichukua dakika thelathini na nane. Alizipima kwa saa ya mkononi. Katika dakika hizo mwigizaji mkuu alikuwa na sura mbili tu: moja ya kuwaza, na nyingine ya kuwaza huku akivuta sigara. Fimbo aliishika kama mtu anayefukuza paka jikoni. Mpinzani wake, jitu nene lenye koti la hariri, alijua kutoa jasho, na zaidi ya jasho hakutoa kitu. Mwanamke wa filamu aliwekwa jikoni pamoja na masufuria, akaachwa huko mpaka shujaa alipohitaji bega la kulilia. Halafu mvua ikanyesha dirishani. Ikanyesha tena. Bronka aliandika: *Mwelekezi anadhani kitu kikienda polepole kimekuwa na maana nzito. Konokono naye basi apewe tuzo.*

Lakini hata yeye hakuweza kuizuia dakika ya mwisho isifike.

Shujaa alivaa glavu yake nyembamba nyeusi, ile ya kuficha kovu la moto, akainama. Kamera ikauacha uso, ikashuka kwenye mikono. Ukumbi mzima ulinyamaza, hata mfuko wa bisi. Mkono wa kushoto ulitulia juu ya kitambaa kama ndege aliyetua. Fimbo ikaenda mbele, ikarudi, ikaenda, ikarudi, kisha ikapiga. Mpira mweupe ukagonga ukingo wa kwanza, ukagonga wa pili, ukapungua mwendo mpaka watu wakadhani umekufa, halafu ukauchomoa mpira wa saba kutoka katikati ya mingine na kuutumbukiza shimoni taratibu.

Watu walipiga makofi. Mama wa bisi alikuwa akifuta machozi. Bronka hakuguna. Alikuwa amefumba macho, na vidole vyake, bila yeye kujua, vilikuwa vimelikunja daftari.

Taa ziliwashwa.

"Umeguna mara kumi na moja," ilisema sauti nyuma yake. "Pale mwisho hukuguna."

Hakugeuka. Hakuwa na haja. Sauti ile ilikuwa imezeeka kidogo, ikaongezeka mkwaruzo, lakini angeitambua hata katikati ya stesheni ya treni.

"Ignacy Pajak," alisema, akifunga daftari. "Nilidhani umekufa. Nilikuwa nimeshazoea, tena nilikuwa naona raha."

*

Walivuka barabara, wakaingia mgahawa wa mkabala. Kwa nini alikubali, Bronka mwenyewe hakujua. Alijiambia ni kwa sababu ya kahawa.

Ignacy alikuwa na miaka arobaini na miwili sasa. Nywele zimeanza kumkimbia pembeni, na mikono yake, ile mikono iliyowahi kuwa fahari ya mtaa mzima wa Wapolandi, ilikuwa na makovu ya misumari na gundi ya mbao. Aliiweka juu ya meza, akaiondoa, akaiweka tena. Macho yake hayakuwa yamebadilika hata kidogo, na hilo lilimuudhi Bronka kupita yote.

"Hujaolewa," Ignacy alisema.

"Na wewe hujajifunza kusalimia."

"Hujambo, Bronka."

"Sijambo. Umekuja kufanya nini?"

"Krebs amenialika. Onyesho la saa tisa, kabla ya filamu, ananipandisha jukwaani. Anataka watu wamwone mwenye mikono ile inayocheza badala ya mwigizaji." Alizitazama kucha zake. "Amenitafuta mwaka mzima mpaka akanipata California. Kwenye filamu jina langu halimo, unajua. Mimi ni mikono tu."

Bronka alicheka, kicheko kikavu kilichomfanya mhudumu ageuke. "Mwenye mikono! Hebu nisikie vizuri. Utapanda pale, utapigiwa makofi, halafu uwaambie nini? Ulivyolipiga pigo la mwisho?"

Ignacy aliiondoa mikono mezani.

"Jibu basi, shujaa."

"Punguza sauti, Bronka."

"Miaka ishirini nimeipunguza. Leo imegoma." Aliinama mbele. "Ulipiga mara sita, Ignacy. Mara sita! Nilikuwa nimesimama pale ukumbini kwa baba, kando ya mashine ya soda, nakuona mkono unavyokutetemeka kama wa mzee mwenye homa. Mwelekezi amekasirika, taa zinawaka bure, baba yangu katoka kwenda benki. Nani alivua lile koti mwilini mwako? Nani alivaa ile glavu?"

"Wewe."

"Nilipiga mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja. Tena kidole cha mwisho kimenyanyuka juu, kasoro ambayo baba alinigombezea tangu nina miaka minane. Watu wazima wanalia humo ndani kwa ajili ya kidole changu, na wewe umekuja kuwauzia kuwa ni chako."

Mhudumu aliwaletea kahawa, akakimbia.

Ignacy alishika kikombe kwa mikono miwili. "Ni wewe uliyesema ninyamaze," alisema polepole. "Baba yako aliporudi akasikia, alinishika ukosi mbele ya watu wote. Akasema binti yake si kikaragosi wa kuinama mezani mbele ya wanaume na makamera, na atakayelitaja jina lako asikanyage tena ukumbini kwake. Usiku... hapana, ilikuwa jioni ile ile, kwenye ngazi za kwenu, ukaniambia: Nyamaza, Ignas, chukua kazi ya California, urudi tufunge ndoa. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema urudi. Hilo nalo ulilisikia?"

"Nililisikia."

"Ulisema miezi miwili. Nilishona gauni, Ignacy. Mimi, nisiyejua hata kutunga uzi, nilikaa nikajichoma vidole kwa gauni jeupe. Pasaka ikapita, Krismasi ikapita, shangazi zangu wakaanza kuniangalia kama mkate uliolala. Kisha ikaja barua moja. Moja!"

"Iliandikwa nini?"

"Sijui. Niliitia jikoni, ikaivisha supu."

Ignacy aliinamisha kichwa. Alipozungumza tena, aliongea na kikombe. "Ilisema hivi. Walinichukua kwa sababu ya pigo lako. Siku ya tatu wakaniwekea meza, wakaniambia piga kama lile. Nikapiga mara kumi na nane. Mpaka yule mpiga picha akaanza kunionea huruma. Wakanifukuza saa hiyo hiyo, na fundi wa mandhari akaniokota nikawa napigilia misumari kwenye nyumba za uongo. Ningerudi vipi? Ningekuangalia vipi usoni? Kila nikifumba macho nakuona umevaa koti langu, umeinama, hujanitazama hata mara moja, unatazama mpira. Nilikupenda siku ile mpaka nikakuogopa."

Kitu fulani kilimpanda Bronka kifuani, cha moto, alichodhani kimeshageuka jivu. Akakimeza pamoja na kahawa.

"Maneno mazuri," alisema. "Ungempa yule mwigizaji, maana hana hata moja. Unajua kilichoniudhi mle ndani? Saa mbili nzima mwanaume anasita. Anasita mlangoni, anasita mezani, anasita kwa mwanamke, na wanatuambia huo ndio undani. Si undani, ni woga umewashiwa taa nzuri. Na mwanamke jikoni anangoja, hata hawakumpa jina la ukoo!"

"Mimi naipenda filamu ile."

"Utaachaje? Inakusifu."

"Naipenda kwa sababu ni polepole," Ignacy alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ubishi. "Mtu mwenye aibu huenda polepole, Bronka. Wewe hujawahi kuona aibu maishani mwako, ndiyo maana hujaielewa."

"Hee! Sasa mimi ndiye sielewi filamu."

"Uigizaji ni mbovu, nakubali."

"Ni mbovu kupindukia."

"Jasho la yule mnene lakini..."

"Jasho ni zuri," Bronka alikiri, na midomo yake ikataka kucheka. Akaizuia. Akainuka, akachukua koti. "Saa tisa kasoro kumi. Nenda kapokee makofi yako. Sitakuharibia. Sikuwa na haja nayo wakati ule, na leo sina."

"Njoo usikilize."

"Thubutu."

*

Lakini alikwenda. Alisimama nyuma kabisa, bega kwenye mlango, kama mtu aliyepita tu kutafuta mwavuli wake.

Bwana Krebs, mwenye sinema, alipanda jukwaani na tai yake ya kipepeo. Alieleza jinsi alivyopiga simu majimbo manne. Akasema mikono hii ni hazina ya mtaa, mikono isiyo na jina kwenye orodha ya waigizaji, na leo itapewa jina. Kisha akamwita Ignacy, na watu mia mbili wakasimama kumshangilia.

Bronka aliwatazama wakipiga makofi, akawadharau mmoja mmoja.

"Bwana Pajak," Krebs alisema, "tuambie. Lile pigo la mwisho. Siri yake ni nini?"

Ignacy alishika kipaza sauti. Alikitazama. Alinyamaza muda mrefu mno. Bronka alimjua, alijua anasita, na dharau yake yote ikamrudia. *Haya, sita*, alisema moyoni. *Sita kama kawaida yako, nami nikaandike safu zangu.* Mkono wake ulikuwa umeshashika kitasa.

"Siri yake," Ignacy alisema, "ni kwamba sikulipiga mimi."

Vicheko vilisikika huku na huku. Walidhani ni utani.

"Mapigo mengine yote ni yangu. Yale ya katikati, yale ya mvua, yangu. Lile la mwisho nilikosa mara sita. Aliyelipiga alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, binti wa mwenye ukumbi tuliopigia picha. Alinivua koti, akalivaa, akapiga mara moja, akanirudishia. Nimekula sifa yake miaka ishirini, na haikunishibisha siku hata moja."

Hakuna aliyecheka sasa. Krebs alikuwa akifungua na kufunga mdomo.

"Msichana?" mwanaume mmoja wa safu za mbele alipaza sauti. "Bwana, acha hizo! Pigo lile?"

"Pigo lile."

"Yuko wapi basi huyo msichana?"

Ignacy alinyanyua macho, akamwona Bronka. Hakumnyooshea kidole. Alimtazama tu, kwa mtazamo ule ule wa jioni ya ngazi za nyumbani kwa akina Bronka, na kidogo kidogo vichwa vikaanza kugeuka kuufuata mtazamo ule mpaka mlangoni.

Bronka angeweza kutoka. Hatua moja tu, angekuwa barabarani kwenye jua.

"Mnaniangalia nini?" alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni kweli. Nimelipiga mimi."

Ukumbi ulivuma.

"Na filamu bado ni mbovu!"

Kicheko kilichopasuka hapo kilitikisa paa. Baada yake yakaja makofi, na safari hii Bronka hakupata mtu wa kumdharau, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamejaa maji na alikuwa haoni kitu.

*

Ukumbi wa puli wa mzee Kazimierz Maziarz ulikuwa mitaa mitatu kutoka pale. Bronka alitembea mbele kwa hasira. Ignacy alimfuata hatua nne nyuma, kama mtu anayepelekwa mahakamani. Bronka alikuwa amemwambia neno moja tu nje ya sinema: "Twende." Jambo hili baba yake alipaswa kulisikia kutoka kinywani mwake, kabla wapiga domo hawajamfikia.

Mzee alikuwa akipiga brashi meza ya kwanza. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, mgongo umepinda, masharubu meupe. Alimwona binti yake, kisha akaona aliyemfuata, na brashi ikasimama.

"Huyo atoke," alisema.

"Baba, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Huyo atoke. Mwizi wa miaka ya watu."

"Amesema mbele ya watu, baba. Sinema nzima imesikia kuwa nililipiga mimi. Na mimi nimeitikia." Bronka alivuta pumzi. "Ulitukataza. Ulisema ni aibu. Basi aibu imeshatoka nje, na mimi nina miaka thelathini na tisa. Ukitaka kunifukuza, nifukuze."

Mzee aliweka brashi chini. Akavuta kiti, akakaa, na ghafla alionekana mdogo.

"Filamu imeonyeshwa siku sita," alisema.

"Najua."

"Nimekwenda siku sita."

Bronka alidhani hakusikia vizuri. "Umekwenda wapi?"

"Kwa Krebs. Yule msichana wa tiketi ananijua sasa, ananiingiza dakika kumi za mwisho bila kuniuliza kitu. Nakaa nyuma kabisa. Naangalia pigo, naondoka." Alipangusa masharubu kwa kiganja. "Siku ya kwanza nilijaribu kuitazama yote. Upuuzi mtupu! Watu wanatembea kama ng'ombe wagonjwa. Na yule mpuuzi wa sigara, nani kamfundisha kushika fimbo?"

"Wewe, mzee, siku zile za kupiga picha," Ignacy alisema kwa woga.

"Nyamaza wewe! Sijakuuliza." Mzee alimgeukia binti yake tena, na sauti yake ikavunjika. "Nilidhani watu wataniambia nimeshindwa kumlea binti. Nikalificha pigo lako. Nimeficha kitu kizuri kuliko vyote vilivyotokea kwenye nyumba hii, Bronka, kisha naenda kukitazama kwa kujificha, gizani, kama mlevi."

Bronka alipiga magoti pale pale, sakafuni penye vumbi la chaki, akamkumbatia. Walikaa hivyo. Wachezaji wawili wa meza ya nyuma walijifanya wanahesabu mipira.

Mzee alipopata sauti yake, aliinyoosha shingo juu ya bega la binti yake. "Na huyu? Anataka nini huyu?"

"Sijui," Bronka alisema, akisimama na kujipangusa magoti. "Mwulize. Huwa anachukua muda kujibu."

"Namtaka Bronka," Ignacy alisema papo hapo. "Nilimtaka, namtaka. Sina nyumba wala cheo, mzee, nina nyundo. Nitaanza popote atakaponiambia nianze."

"Simpi!" mzee alinguruma. "Mtu aliyekosa mara sita?"

"Kumi na nane pia, California," Ignacy alisema.

"Mungu wangu. Na anajivunia!"

Bronka alimtazama mwanaume yule kuanzia viatu mpaka nywele zilizomkimbia. Aliona jinsi Ignacy alivyozeeka mbali naye, na jinsi yeye mwenyewe alivyogeuka mkali kwa kumkosa, na akajua kwamba miaka ile hakuna wa kuirudisha, hata kama angelia mbele ya watu mia mbili kila Jumamosi. Alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kumshika yale makovu ya mikono, moja moja, amwulize kila moja lilipatikana wapi.

"Hakuna wa kunipa mtu wala kuninyima, baba," alisema mwishowe. "Na wewe, Ignacy, usidhani maneno mawili ya jukwaani yanafuta kitu. Sijakusamehe. Nakudharau bado, tena sana." Alivaa koti. "Kesho Jumapili, baada ya misa, tunakula supu ya kuku kwetu. Saa saba. Ukichelewa tunakula, na mlango tunafunga."

Akaenda nyumbani kuandika. Safu yake ilikuwa kali kuliko zote alizowahi kuandika: aliubomoa mwendo, aliuzika uigizaji, jasho peke yake akalisifu. Kuhusu pigo la mwisho hakuandika lolote ila jina lake mwenyewe, pamoja na la ukoo.

Jumapili, Ignacy Pajak alibisha hodi saa tatu na nusu asubuhi, amenyoa mpaka kajikata, maua mkononi. Bronka, aliyekuwa ameshatoka misa ya alfajiri, alichungulia, akamwona, akarudi jikoni kumenya karoti. Alimwacha asimame kwenye ngazi, kwenye upepo, mpaka saa saba kasoro dakika tano. Ndipo akafuta mikono, akavua aproni, akaenda kumfungulia.